Mwalimu Wako wa Kamera Anatumia Umeme Gani?

Jirani yangu hapa mtaani Pioneer, Eldoret, alinunua kamera ya video ili arekodi harusi na koito, sherehe ya posa ya Kikalenjin. Akajifungia siku tatu na simu, akimfuata mwalimu wa Marekani kwenye YouTube hatua kwa hatua. Kasi ya shata iwe 1/60 ya sekunde, akaambiwa. Akaiweka hivyo. Siku ya kazi, sebuleni chini ya taa za mrija, mistari myeusi ikawa inapanda na kushuka juu ya nyuso za wazee. Akarudisha nusu ya pesa.

Mwalimu hakudanganya. Umeme wa kwao ni wa mizunguko 60 kwa sekunde, wetu 50. Taa hupepesa kwa kuufuata umeme, na kamera huona kitu ambacho jicho halikioni. Kwa hiyo huku kwetu shata iwe 1/50, na fremu 25 kwa sekunde badala ya 30.

Siku hizi, kabla ya kumsikiliza mwalimu yeyote, jirani hutazama kwanza ukuta ulio nyuma yake. Akiona soketi yenye swichi kama zetu, iwe ya Uingereza au Dar es Salaam, anavuta kiti. Kisha anajaribu jikoni kwake, taa ikiwaka, mkewe akigeuza ugali.