Shukrani ya Mavuno ni ya Nani?



Kila mwaka mtama na uwele vikiisha kukauka huku Miyuji na vijiji vya jirani, twatangaziwa Sikukuu ya Mavuno. Si wengi wanaokumbuka ya kwamba sikukuu hii si ya kale kama Majilio au Kwaresima. Katika Kanisa la Uingereza ilienea kwa namna tunayoijua baada ya kasisi mmoja, Robert Hawker wa Morwenstow, kuwaalika watu wake kanisani kushukuru mwaka 1843. Wenzetu wa huko huifanya Septemba au Oktoba. Hapa Dodoma miezi hiyo ni ya vumbi na upepo, maana msimu wetu wa mvua ni mmoja tu, kama Desemba hadi Aprili. Mtu wa Ugogo hushukuru kwa majira yake.

Lakini swali letu ni jingine: shukrani hiyo ni ya nani? Mvua iliyonyesha haikuchagua shamba la Mwanglikana, na Bwana wetu mwenyewe ametufundisha hivyo katika Mathayo 5:45.

Tulipokuwa walimu vijana, katika kijiji ambacho hatutakitaja, mama mmoja Mwislamu, jirani yetu, alikuja kanisani siku ya Mavuno na ungo wa mtama kichwani. Alisema Mungu amempa, naye ataka kumshukuru pamoja nasi. Mzee aliyesimama mlangoni akamwambia, kwa upole kabisa, ya kuwa sadaka ni ya waumini. Sisi tulikuwa hatua tatu kutoka pale, na kitabu cha nyimbo mkononi. Neno la mwalimu siku zile lilisikilizwa. Hatukulisema. Mama akageuka na ungo wake. Januari iliyofuata njaa ilipobana, watoto wa baadhi ya Wakristo wetu walikunywa uji nyumbani kwake, wala hakuuliza wamebatizwa wapi.

Tusimhukumu mzee yule upesi. Aliogopa kwamba tukipokea kila kitu kutoka kwa kila mtu, mwisho hatutajua tena tunamwamini nani. Hofu hiyo si ya kipumbavu. Wako watu waitwao Waunitari ambao wamekwenda mbali katika njia hiyo. Mwaka 1923, mjini Prague, mchungaji wao Norbert Čapek alianzisha ibada ya maua: kila mtu alileta ua, akaondoka na ua la mwenzake. (Wanazi walimwua mwaka 1942.) Watu hao hawaukiri Utatu Mtakatifu, na kwetu tuliofundisha dini miaka mingi hilo si jambo dogo hata kidogo. Hata hivyo ibada ile ya maua imetusumbua moyo, kwa sababu inamkumbusha mtu ungo wa mtama.

Twaona ya kuwa mzee alichanganya mambo mawili. Meza ya Bwana ni ya wale waliobatizwa katika jina lake, na mama yule hakuiomba. Shukrani ni kitu kingine. Mtu akishukuru hajadai kuwa wa kanisa letu. Amekiri tu ya kuwa mtama si kazi ya jembe lake peke yake. Mwaka 2025 Jumatano ya Majivu iliangukia 5 Machi, na ndugu zetu Waislamu walikuwa wameanza Ramadhani siku chache tu kabla yake. Tulifunga pamoja mtaa mmoja, wao kwa namna yao na sisi kwa yetu (sisi, tukubali, kwa ulegevu zaidi), wala hatukusikia Mkristo yeyote akilalamika kwamba mfungo wa jirani umemharibia wake.

Mama yule amekwisha kufariki. Hatukumwomba radhi, kila mara tulidhani iko nafasi.

Kwa Mavuno yajayo tumemwomba mchungaji atupe kazi ya kupokea sadaka mlangoni. Amekubali, ila ameuliza kwa nini mtu wa umri wetu ataka kusimama muda mrefu hivyo.