Rubani, Jifunze Kile Ambacho Njia Yako Haikukufundisha

Julai 23, 1983, Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta ikiwa futi 41,000 angani, kwa kuwa hesabu ya mafuta ilipigwa kwa ratili badala ya kilo. Injini zote mbili zikazimika. Kapteni Robert Pearson alikuwa mzoefu wa kurusha glaida, zile ndege zisizo na injini. Msaidizi wake, Maurice Quintal, aliwahi kutumikia jeshi la anga huko Gimli na aliukumbuka uwanja wake wa zamani. Mmoja alijua pa kwenda, mwenzake alijua jinsi ya kufika. Walipoukaribia uwanja bado wakiwa juu mno, Pearson alizungusha usukani upande mmoja, akakanyaga pedali ya upande wa pili, na lile dege likashuka kiubavu kama alivyozoea kwenye glaida. Watu wote 69 walitoka hai.

Kijana unayesomea urubani, acha kubishana kama jeshi ni bora kuliko chuo, au shule za Uwanja wa Wilson, Nairobi, kuliko za Ulaya. Kila njia inakupa kitu na kukunyima kingine. Wala usilewe saa za kuruka. Marekani ilipandisha kiwango cha chini kwa marubani wa mashirika ya ndege hadi saa 1,500 baada ya ajali ya Colgan Air karibu na Buffalo, Februari 2009, ilhali marubani wote wawili walikwisha kuzipita. Ndege ilipopungua mwendo, kapteni aliuvuta usukani pale alipopaswa kuusukuma. Juni mwaka huohuo, kwa kosa lilelile, ndege ya Air France, safari 447, ilishuka hadi Atlantiki pua ikiwa imeinuliwa, na watu 228 wakafa.

Umelelewa kwenye simuleta? Tafuta Cessna, uionje hewa yenyewe. Umekomalia viwanja vya vumbi ukiwa peke yako? Jizoeze kukosolewa na msaidizi, tena umshukuru mbele ya wengine. Hilo ni gumu kuliko kutua upepo ukivuma ubavuni. Umetoka jeshini? Jifunze kuuliza kabla ya kuamuru.

Na wiki hii hii, mwombe mwalimu wako mpande juu ya kutosha, mpunguze mwendo hadi mbawa zishindwe kuibeba ndege. Itatikisika. Sukuma pua chini, ngoja mwendo urudi, inua taratibu. Kisha mwambie: mwalimu, turudie. Rudieni mpaka mkono utende kabla hofu haijafika.