Je, Mwenye Deni Ni Mwizi?



Mnapojifunza amri ya saba ya Mungu, mwafundishwa kwamba kushika mali ya mwenzako bila ridhaa yake ni wizi. Hapo huzuka swali: mtu aliyekopa, kisha akashindwa kulipa siku aliyoahidi, je, amekuwa mwizi? Na yule mdai anayemfuata, ana ruhusa ya kumtendea nini?

Kwetu sisi wa Goma swali hili lina uzito. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulimwaga moto wake mjini, ukateketeza nyumba, maduka, hata Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Tarehe 22 Mei 2021 ukamwaga tena. Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia mjini, benki zikafungwa, na waliokuwa na akiba ndani yake wakakosa kuitoa. Kila mara walikuwako watu waliokuwa wamechukua bidhaa kwa mkopo. Bidhaa ziliungua au ziliporwa. Je, deni nalo liliungua?

Tujibu kwanza juu ya mdeni. Deni ni neno alilolitoa mtu, na moto hauunguzi neno. Aliyechukua magunia ya maharagwe kwa ahadi ya kulipa, bado yampasa kulipa, hata kama duka limekuwa majivu. Lakini Kanisa lafundisha pia kwamba hakuna afungwaye na jambo lisilowezekana. Kushindwa kwa kweli huahirisha malipo, wala hakuyafuti. Maadamu nia ya kulipa ni hai, mtu huyo si mwizi.

Tufikiri wanawake wawili wa soko, kila mmoja akidaiwa fedha zilezile. Wa kwanza duka lake limeungua. Naye huenda kwa mdai wake, humweleza hali yake, na kila juma humpelekea kidogo alichopata. Wa pili ameuza bidhaa zote, amenunua vitenge vipya, amebadili namba ya simu, na watoto wake wamefundishwa kusema kwamba mama hayupo. Deni ni sawa, lakini dhamiri si sawa. Wa kwanza ni mdeni tu. Wa pili ashika mali ya mwingine, na tena awafundisha watoto uwongo.

Sasa juu ya mdai. Haki yake ni ya kweli, tusiidharau. Pengine naye ni mjane aliyekopesha akiba yake ya mwisho. Lakini haki hiyo yahusu mali. Haihusu mwili wa mdeni, wala heshima yake, wala watoto wake. Tusome Kumbukumbu la Torati, sura ya 24. Mungu aliwakataza Waisraeli kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa maana ndilo linaloilisha nyumba. Akamwamuru mdai asiingie ndani ya nyumba ya mdeni, bali angoje nje. Na akichukua vazi la maskini, alirudishe kabla ya usiku, apate kujifunika. Jiwe la kusagia la mtu wa Goma ni chukudu yake. Anayemnyang'anya chukudu mtu abebaye viazi na makala kutoka Kibumba, amemnyang'anya chakula cha watoto, na tena amemnyima njia ya kulilipa deni lenyewe.

Sheria za nchi nazo zafuata njia hiyo, na yawapasa kuzijua. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1966 juu ya haki za kiraia na za kisiasa, ambao nchi yetu iliupokea mwaka 1976, wasema katika kifungu cha 11 kwamba mtu asitiwe gerezani kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mapatano. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 17, yakataza kumkamata mtu kwa kosa la mwingine. Basi mke, kaka au mtoto wa mdeni hawezi kushikwa badala yake. Kifungu cha 29 chalinda nyumba ya mtu isiingiliwe nje ya sheria. Tena, tangu mwaka 2012 nchi yetu imo katika umoja wa OHADA, ambao sheria zake zataka mali ya mdeni isikamatwe kwa nguvu bila hati inayokubaliwa na sheria, kama vile hukumu ya mahakama, na kwa mkono wa mtumishi wa mahakama, yule aitwaye kwa Kifaransa huissier. Kijana mwenye fimbo aliyetumwa na mdai si mtumishi wa mahakama.

Lakini jihadharini. Aliyekopa kwa hila na uwongo, au aliyekula mali aliyowekewa amana, ametenda kosa la jinai, naye aweza kushitakiwa. Wadai wengine hulipa deni la kawaida jina hilo baya ili mtu afungwe upesi. Kufanya hivyo ni kumsingizia mwenzako, na hilo lakatazwa na amri ya nane.

Mtu atasema: “Pasipo woga wa kufungwa, nani atalipa?” Ni kweli, woga huwatoa wengine mafichoni. Lakini aliye kifungoni halimi, hachuuzi, hasukumi chukudu. Wanaolipa ni ndugu zake, nao huuza shamba au mbuzi. Na sehemu ya fedha huishia mikononi mwa aliyemfunga. Aliye na mali akaificha, apelekwe mbele ya mahakama, mali yake ikamatwe kwa sheria. Asiye na kitu, kumfunga hakumpatii mdai hata franga moja.

Basi, ewe unayedaiwa, fanya hivi. Usijifiche; nenda kwa mdai wako kabla hajaja kwako. Omba mapatano mapya yaandikwe mbele ya mashahidi. Kila ulipapo, hata kidogo, dai risiti, uitunze. Usikope kwa riba ya kila mwezi, ile iitwayo mjini “Banque Lambert”, ili kulipa deni lingine. Usimwekee mtu dhamana usiyoiweza, maana mdhamini naye hudaiwa. Ukitishwa, usiende peke yako. Mwendee mkubwa wa shirika lenu, au Tume ya Haki na Amani ya parokia.

Na wewe unayedai, kumbuka mfano wa Bwana wetu katika Mathayo, sura ya 18. Mtumishi aliyesamehewa talanta elfu kumi alitoka nje, akamkaba koo mwenzake kwa dinari mia. Mfalme hakumlaumu kwa kuwa alidai. Alimlaumu kwa kukataa kumwonea huruma mwenzake, naye amehurumiwa. Ninyi mnaongoja Ubatizo mtaondolewa deni ambalo hakuna mwanadamu awezaye kulilipa. Jifunzeni tangu sasa namna ya kudai kama watu waliosamehewa, na namna ya kulipa kama watu wa kweli.