Mayai Mawili Pembeni mwa Picha



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu, leo sitawahadithia makosa ya watu wengine. Ninalo langu.

Likizo iliyopita tulitoka Kigali watu wanne tukaenda kaskazini, kwenye kinamasi cha Rugezi, kumtafuta umusambi, yule korongo mwenye taji la dhahabu. Nilikuwa nimeazima kamera yenye lenzi ndefu. Alfajiri tuliiswali njiani, tukafika ukungu bado umetanda. Nikamwona mmoja amesimama peke yake, si mbali na njia. Nikampiga picha kumi, ishirini. Wallahi, alikuwa mzuri! Lakini mimi nilitaka mabawa yaliyokunjuliwa, kwa sababu najua picha zipi zinapendwa mtandaoni. Nikasubiri, hakuruka. Nikapiga makofi, akasogea hatua mbili, akarudi palepale. Nikaokota bonge la udongo nikalitupa karibu naye. Akaruka huku akilia.

Kabla ya Isha watu mia tatu walikuwa wameipenda picha ile. Usiku, bwenini, nikaikuza ili niyaone manyoya vizuri. Pembeni, chini, juu ya majani yaliyolazwa, palikuwa na mayai mawili.

Kumbe ndiyo maana alikuwa haondoki. Ndege hawa dume na jike hupokezana kuatamia, na zamu ile nimeivunja mimi. Asubuhi ilikuwa ya baridi, na kunguru niliwaona. Hatukusubiri kuona kama atarudi, tuliwahi gari.

Sitaki kuingia katika khilafu ya wanazuoni kuhusu picha. Katika Suratul-Mulk Allah anatuuliza kama hatuwaoni ndege juu yetu, wakikunjua na kukunja mbawa zao, na anatwambia hapana anayewashika ila Ar-Rahman. Basi kuwatazama tumeitwa. Mimi sikutosheka kutazama, nilitaka niamue saa ya ndege kuruka, kwa ajili ya watu mia tatu ambao kesho yake hawakukumbuka. Hiyo ni riya, ndugu zangu, na tumezoea kuitafuta kwenye swala na sadaka tu.

Abu Dawud amepokea kutoka kwa Ibn Mas'ud (r.a.) kuwa walikuwa safarini na Mtume (s.a.w.), masahaba wakachukua makinda mawili ya ndege mdogo. Mama yao akaja akipigapiga mbawa. Mtume aliporejea akauliza ni nani aliyemtia ndege huyu uchungu kwa watoto wake, akaamuru warudishwe. Hadithi hii nimeisikia tangu madrasa. Sasa inanikosesha usingizi, maana masahaba walikuwa na cha kurudisha. Mimi nirudishe nini?

Na umusambi hapa Rwanda ameumia zaidi kwa kupendwa kuliko kwa kuchukiwa. Watu waliwatoa kwenye vinamasi wakawafuga nyumbani na kwenye bustani za hoteli, wawe pambo, wengine wakawakata mbawa wasitoroke. Hesabu ya 2017 ilikuta 487 tu nchi nzima. Kazi kubwa ikafanyika, na miaka ya karibuni wamepita 1,000. Wale waliookolewa lakini mbawa zao hazifai tena wanatunzwa Umusambi Village, hapahapa Kigali.

Nilikwenda huko wiki iliyopita. Mmoja alikunjua mbawa, akakimbia hatua chache, akasimama. Nilikaa pale mpaka karibu na Alasiri, simu ikiwa mfukoni.

Picha yangu nimeifuta, na toba naiomba mpaka leo. Jumamosi hii tunakwenda tena, baada ya Dhuhuri. Anayetaka aje, na kamera alete. Tutakaa kimya tu.

Wabillahi tawfiq.