Wanangu, Msiamulie Mambo Njiani

Wanangu mnaofanya kazi maofisini, nimefurahi kusikia mmechoka kukaa. Kikao cha watu wawili wakitembea ni jambo jema, wala sitawazuia. Onyo langu ni moja: njiani tafuteni mawazo, maamuzi yangojeni mezani.

Mwaka 2014 Marily Oppezzo na Daniel Schwartz wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha majaribio yao kuhusu jambo hili. Watu walipotembea, mawazo mapya yaliongezeka kwa wastani wa asilimia 60, hata kwa waliotembea kwenye mashine chumbani wakitazama ukuta mtupu. Habari hiyo mnapenda kuisimulia. Lakini majaribio hayohayo yalionyesha kwamba maswali yenye jibu moja tu, waliotembea waliyakosa zaidi kidogo kuliko waliokaa. Basi bajeti na mikataba msiitoe nje.

Nendeni wawili, mkizidi sana watatu. Pale Posta, Dar es Salaam, wa nne hujikuta nyuma akitazama visigino vya wenzake, kila nafasi ya mtembea kwa miguu inapoliwa na meza za wachuuzi na magari yaliyoegeshwa. Tokeni asubuhi, jua halijakaza. Na mshahara au ugonjwa wa mwenzenu msiutaje barabarani. Mji una masikio.

Linaloniuma hasa ni hili. Mkuu wa idara husimama, akawachukua wenye miguu mepesi, wakaondoka. Ofisini anabaki mama mwenye ujauzito mkubwa, mzee wa magoti mabovu, kijana anayetembelea magongo. Wale wakirudi, aliyebaki anaambiwa, "Tumeshakubaliana." Huko ni kumfukuza mtu kikaoni bila kumwandikia barua! Nanyi mlioenda mnanyamaza, kwa kuwa safari hii mlichaguliwa ninyi.

Mkipewa ukubwa, semeni siku moja kabla: tutapita wapi, kwa muda gani, tutazungumza nini. Mtu apate kuchagua viatu, au aseme haendi bila kudaiwa sababu. Binti aliye katika miezi ya majaribio hawezi kumkatalia bosi aliyekwisha kusimama mlangoni. Kwa hiyo msimfikishe hapo. Mwendo auamue mwenye hatua fupi kuliko wote. Ukiona mwenzako anahema badala ya kujibu, punguza, au tafuteni kivuli mkae. Na asiyeweza kutembea kabisa, kikao chake kifanyike alipo, siku hiyohiyo, na mkuu yuleyule.

Mkirudi, kabla ya kufungua kompyuta, andikeni yaliyosemwa. Mistari michache inatosha. Kisha msomeeni aliyebaki, mumwulize anaonaje. Akipinga, jambo halijaisha. Vuteni viti mkae naye.