Haiui, Kwa Hiyo Isubiri?

Kwenye benchi la hospitali tumezoea kupima maradhi ya watu kwa kifo. Mwenye saratani hupishwa, mwenye ugonjwa wa moyo hupewa pole, na mwenye mabaka ya ngozi huambiwa amshukuru Mungu, maana hayo hayaui. Maneno hayo husemwa kwa nia njema. Nadhani ndiyo yaliyoiweka soriasisi nyuma ya foleni miaka yote hii, hata baada ya dawa ya maana kupatikana.

Soriasisi ya mabaka hutokea kinga ya mwili inapokosea adui. Ngozi yenye afya hujibadilisha kwa muda wa mwezi hivi. Penye baka kazi hiyo huisha kwa siku chache, seli zikarundikana na kuwa magamba ya rangi ya fedha, kwenye viwiko, magotini, kichwani, kiunoni. Vitabu vingi husema baka huwa jekundu, kwa kuwa waandishi wake walikuwa wakitazama ngozi nyeupe. Kwetu mara nyingi huwa la zambarau, kahawia au kijivu, na likitulia huacha doa linaloweza kukaa miezi. Baadhi ya wagonjwa huvimba pia viungo, wakashindwa hata kufunga vifungo vya shati. Ugonjwa huu hauambukizi kabisa. Lakini nani amemweleza kinyozi? Nani amewaeleza wanaokula sinia moja la pilau, ambapo mgonjwa huurudisha mkono wake mwenyewe kabla hajatazamwa? Kwa karne nyingi watu wa namna hii walichanganywa na wenye ukoma, na masalia ya hofu ile bado tunayo.

Sasa ipo sindano. Zipo kadhaa kwa kweli, ila nizungumzie moja, secukinumab, iliyoidhinishwa Marekani kwa ajili ya watu wazima wenye soriasisi Januari 2015. Ni kingamwili inayotengenezwa ndani ya seli hai zinazokuzwa kiwandani, na kazi yake ni moja tu: kuinasa intaleukini 17A, kemikali ambayo seli za kinga huitumia kuchochea uvimbe. Mgonjwa hudungwa miligramu 300 chini ya ngozi, dozi tano za wiki kwa wiki, kisha moja kila baada ya wiki nne. Katika majaribio makubwa yaliyochapishwa mwaka 2014, kufikia wiki ya 12, karibu wanne kati ya kila watano waliopata dozi hiyo walikuwa wamepungukiwa na ugonjwa kwa robo tatu au zaidi. Waliodungwa sindano isiyo na dawa, waliopata nafuu kama hiyo hawakufika hata watano katika mia.

Si muujiza. Haiondoi ugonjwa, huutuliza. Ukiacha, kwa kawaida mabaka hurudi. Kemikali ile ile inayozimwa ndiyo hutulinda na fangasi, kwa hiyo baadhi ya wagonjwa hupata utando mweupe mdomoni. Na kabla ya dozi ya kwanza lazima mtu apimwe kifua kikuu, jambo ambalo Afrika Mashariki si la kujaza fomu tu.

Linalonisumbua ni bei. Marekani, dozi moja ya dawa za aina hii huuzwa kwa maelfu ya dola. Chukua adalimumab, sindano iliyotangulia secukinumab. Nakala yake ya kwanza ya bei nafuu iliidhinishwa Marekani mwaka 2016, lakini haikuuzwa hadi Januari 2023, kwa sababu ya hataza. Ulaya nakala kama hizo zilikuwa madukani tangu Oktoba 2018. Dawa ni ile ile na ugonjwa ni ule ule. Mvumbuzi anastahili jasho lake, sina ubishi. Ila kuna siku deni hilo huwa limekwisha kulipwa, na anayeendelea kulidai anakuwa anatoza ushuru wa barabarani.

Wapo watakaosema fedha hizo zingetibu malaria ya watoto wangapi. Hoja hiyo naiheshimu, ila naona haitumiwi kwa wote. Hakuna anayemuuliza mwenye macho mabovu kama miwani itaokoa maisha. Wengine watataja friji, kwamba sindano hizi zataka nyuzi joto 2 hadi 8. Chanjo nazo zataka baridi hiyo hiyo, na zinafika vijijini.

Isitoshe, si kila mgonjwa anahitaji sindano. Wengi hutulizwa na mafuta ya steroidi, tiba ya mwanga, au vidonge vya methotrexate, dawa ya zamani na ya bei ndogo, mradi ini lipimwe na mjamzito asipewe. Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, kituo cha kanda cha magonjwa ya ngozi kimekuwa kikifundisha wataalamu tangu mwaka 1992. Ujuzi wa kuanzia upo. Sindano ibaki kwa wale ambao hayo yote yameshindwa kuwasaidia, nao wasiambiwe kwamba wanadai anasa.

Mwaka 2014 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha azimio linaloitambua soriasisi kuwa maradhi sugu, yenye maumivu, yanayolemaza na yasiyo na tiba ya kuyamaliza. Mwaka 2023 Tanzania na Kenya zilipitisha sheria mpya za bima ya afya kwa wananchi wote. Wanaopanga orodha za matibabu waliweke azimio hilo na sheria ya nchi yao pamoja mezani. Bima inayokubali kumlipia mwenye kisukari dawa za maisha yote haina sababu ya haki ya kumkataa mwenye soriasisi kwa kuwa tu atachelewa kufa.