Umbali Anaubeba Nani

Juma hili tuisome Injili ya Marko sura ya 6, kuanzia mstari wa 30, na tuisome tukiwa tumekaa hapa hapa Babati. Habari ya mikate mitano na samaki wawili imehubiriwa mno, hata tunaukimbilia muujiza na kuyaruka mazungumzo yaliyoutangulia. Palikuwa nyikani, jua limeshaanza kushuka, na wanafunzi wakamjia Bwana na shauri ambalo kikao chochote cha kata kingelipitisha bila ubishi: umati uagwe, kila mtu aende kwenye mashamba na vijiji vya jirani akajinunulie chakula.

Wanafunzi hawakuwa na roho mbaya. Walijua chakula kipo, tena hakiko mbali sana. Walichotaka ni kwamba umbali ubebwe na mwenye njaa mwenyewe. Yesu hakukubali. Akawarudishia mzigo wao, akawataka wao ndio wawalishe watu. Ndipo wakaanza kupiga hesabu za dinari 200, ujira wa kibarua wa zaidi ya nusu mwaka, na hesabu ikawashinda.

Serikali ya Marekani ina kipimo chake cha umbali kati ya mtu na chakula. Eneo la kijijini lenye watu wa kipato kidogo, ambalo sehemu kubwa ya wakazi wake wako zaidi ya maili 10, kama kilomita 16, kutoka duka kubwa la vyakula, huhesabiwa kuwa jangwa la chakula. Ukileta kipimo hicho Manyara, karibu mkoa mzima unakuwa jangwa, kuanzia Kiteto hadi Mbulu. Lakini hakitupimi sawasawa. Sisi hatuli kutoka supamaketi. Tunakula kutoka shambani, gengeni, sokoni, na mnadani tarehe ya mnada ikifika. Mtu wa Magugu amezungukwa na mpunga, wa Gallapo ana mahindi na mbaazi, na vitunguu saumu vya Mbulu vinajulikana hadi Dar es Salaam. Chakula kiko pande zote, na bado zipo nyumba ambazo juma linaanza na kwisha kwa ugali na mboga ile ile moja, au ugali na chumvi.

Ingia duka lolote la kijiji lililo mbali na lami. Utakuta sukari, chumvi, majani ya chai, sabuni, kiberiti, mafuta ya kula ya kupimiwa, biskuti, soda na vocha za simu. Vyote hivyo havikai vikaoza, ndiyo maana viko pale. Nyanya, mchicha, ndizi mbivu na samaki havimsubiri mwenye duka. Akivileta na visipouzwa siku mbili, hasara ni yake, naye mtaji wake ni mdogo. Basi wakati wa kiangazi mama anayetaka kubadilisha mboga ana njia mbili: angoje mnada, au apande bodaboda kuja mjini, alipe nauli inayozidi thamani ya fungu la nyanya alilolifuata. Mama mwenye akili timamu hafanyi hesabu hiyo mara mbili. Ananunua biskuti kwa ajili ya mtoto, na sisi tunamlaumu kwamba hajui lishe.

Hapo nina neno na sisi wahubiri. Tumezoea kusema watu hawana elimu ya lishe. Wengine ni kweli hawana. Lakini tazameni takwimu za nchi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na mikoa iliyoongoza ilikuwa Iringa, ambako waliodumaa walizidi nusu ya watoto, kisha Njombe na Rukwa, karibu nusu kila mmoja. Hiyo ndiyo mikoa inayolisha miji yetu mahindi na viazi. Ghala lililojaa na mtoto aliyedumaa vinaweza kukaa kitongoji kimoja. Sisi wa Manyara tunaojivunia mavuno hatuna sababu ya kudhani jambo hilo ni la kusini peke yake.

Basi chakula tunachokivuna kinaondokaje kwetu? Kinaondoka kwa barabara. Mwaka 2018 barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa, tukaimba na kushukuru, na bado nashukuru kila ninapomwona mgonjwa akifika hospitali kwa wakati. Ila lami ina tabia yake: hupeleka chakula kuliko na fedha. Mchele wa Magugu unaelekea Arusha. Mbaazi zetu kwa miaka mingi zimelimwa kwa ajili ya soko la India, na mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingia nchini mwao, bei iliporomoka hapa Babati na magunia yakabaki ndani. Mbaazi ni chakula cha kujenga mwili, kiliwe na watoto. Lakini zao likishaitwa la biashara, mpishi wa nyumbani huliogopa, kana kwamba ni mali ya mtu mwingine iliyohifadhiwa kwake.

Mahindi nayo yana safari yake. Baada ya mavuno, mahitaji ya shule yanadai fedha na bei iko chini, mkulima anauza. Mnunuzi anakuja na gunia la lumbesa, lenye kilemba juu, ingawa sheria ya vipimo inakataza gunia la mazao kuzidi kilo 100. Ikifika Februari, mkulima yule yule ananunua unga kwa kilo, na kila kilo ni ghali kuliko aliyoiuza. Nabii Amosi aliwajua wanunuzi wa namna hii. Sura ya 8 inawaeleza wafanyabiashara waliotamani sabato ipite haraka wafungue ghala, wapunguze kipimo cha nafaka, waongeze uzito wa fedha, na kuuza hata makapi. Amosi alikuwa mchungaji wa mifugo na mtunza mikuyu, si mtu wa ikulu, na nadhani ndiyo sababu aliliona jambo la mizani mapema. Mtu aliyepimiwa vibaya hasahau.

Serikali imefanya sehemu yake, na tuseme hivyo wazi. Vihenge vya kisasa vya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, vilivyopo Babati ni sehemu ya mradi uliogharamiwa kwa mkopo wa Poland, uliokusudia kuongeza nafasi ya kuhifadhi tani 250,000 katika maeneo manane ya nchi. Vihenge hivyo vinailinda nchi mvua zikigoma. Lakini kihenge hakitembei. Hakiwezi kufika kitongojini kwa bibi anayelea wajukuu watatu, na hakikujengwa kwa kazi hiyo. Kilomita za mwisho, kutoka kituo cha basi hadi mlangoni kwa bibi, si za serikali peke yake.

Kwamba tunaweza kuzibeba, tumeshaonyesha. Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuifunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Ndugu zetu zaidi ya 80 walikufa. Waliobaki bila nyumba walihifadhiwa mashuleni. Juma lile hakuna aliyewaambia waathirika waende Babati wakajinunulie unga. Malori yalikwenda kwao, kutoka hapa na kutoka mikoa ya mbali, yakiwa na unga, maharage, mafuta na mablanketi. Makanisa yalipeleka, misikiti ilipeleka. Umbali wote ulibebwa na mwenye chakula. Kumbe inawezekana. Tatizo ni kwamba njaa ya polepole haina picha za kutuma kwenye simu, basi tunairudia ile sauti ya wanafunzi.

Sasa niseme la ndani ya nyumba yetu wenyewe. Sikukuu ya mavuno tunaijua. Mama mjane analeta mayai sita, mwingine debe la mahindi, mwingine kuku, mkungu wa ndizi, bakuli la maharage. Ibada ikiisha tunafanya mnada wa sadaka nje ya kanisa. Ananunua nani? Mwalimu, mfanyabiashara, mtumishi wa halmashauri, na mimi mwenyewe nimenunua. Mayai ya mjane yanapanda gari na kuja mjini. Fedha inaezeka paa, nalo paa tunalihitaji, sikatai. Lakini angalieni mwelekeo: hata kanisa limekuwa barabara nyingine ya kuondolea chakula kijijini. Yesu nyikani alifanya kinyume. Aliuliza kwanza kuna nini hapa hapa, akavichukua vichache vilivyokuwepo, akawaketisha watu makundi makundi kwenye majani mabichi, na wanafunzi ndio waliotembea na chakula kati ya makundi. Umati ulikaa. Waliotembea ni wale waliotaka umati utembee.

Kwa hiyo nawaomba wazee wa kanisa na viongozi wa jumuiya mambo yafuatayo, na nayaomba kabla ya mavuno ya mwaka huu. Sehemu ya kumi ya mazao yatakayoletwa madhabahuni isipigwe mnada. Ibaki mtaani ilipotoka, ihifadhiwe kwenye mifuko ile ya tabaka tatu isiyoingiza hewa ili wadudu wasiiguse, mpaka miezi ya Januari hadi Machi. Kila jumuiya ichague siku moja ya soko ambayo pikipiki moja italetwa mjini kununua nyanya, dagaa, karoti na matunda kwa ajili ya nyumba zote zilizochanga, ili nauli igawanywe na watu kumi badala ya kumlemea mama mmoja. Akina mama wanaojua kukausha majani ya kunde na mlenda wapewe nafasi ya kuwafundisha mabinti baada ya ibada, maana ujuzi huo unapotea na bado hatujapata kilicho bora kuliko huo wakati wa kiangazi. Na mwenye mbaazi apike mbaazi.

Jumapili ijayo kila jumuiya ije na orodha ya nyumba ambazo mtu hawezi kutembea hadi gengeni: wazee, wagonjwa, mama aliyejifungua, baba mlemavu. Msiwatangazie waje kanisani kuchukua. Wapelekeeni.